Kadi ya SHA Inalipa Nini, na Wewe Unabakishiwa Nini

Hotuba kwa kina mama wa mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu na vijana wa bodaboda, Likoni, Mombasa

Mwenyekiti, kina mama wenzangu, na nyinyi wanangu wa boda mlioacha abiria pale feri mkaja kunisikiliza: ahsanteni, na Mungu awarudishie hasara ya jioni hii.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Njoo utueleze hii SHA." Yaani hii Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima yetu mpya ya serikali. Nikamuuliza, SHA gani, ya redioni au ya dirishani? Akacheka, akadhani natania. Ya redioni nyote mwaijua: jisajili, lipa, utibiwe. Ya dirishani ni ile unayokutana nayo mgonjwa akishapona, mmeshafunga virago, mtoto keshavalishwa kofia, halafu karani anakwambia, "Bado kidogo, mama, kuna salio." Mimi ndiye niliyekuwa karani huyo. Miaka kumi na mmoja nimekaa nyuma ya kioo cha malipo katika hospitali moja ya kibinafsi, jina tuliache huko huko. Nimeiona NHIF ikiondoka, ile bima ya afya ya zamani tuliyokuwa nayo tangu 1966, nikaiona SHA ikiingia tarehe 1 Oktoba 2024, kisha nikastaafu. Leo nitawaeleza mambo yanavyoonekana kutoka upande ule wa kioo.

Nianze na seremala mmoja. Mkewe alijifungua kwa upasuaji, mama salama, mtoto salama. Bili ilipotoka ilikuwa shilingi 92,000. Nikaingiza kitambulisho chake, kadi ikasoma vizuri, michango yote imelipwa. Kadi ikatoa 30,000. Yeye akabaki amesimama na 62,000.

Akaniuliza, "Lakini si nimelipa mwaka mzima?" Alikuwa amelipa kweli. Hakuna aliyemwibia na mashine haikukosea. Ila tangu aanze kulipa hakuna mtu aliyemkalisha chini akamwambia jambo hili moja, na ningependa nyinyi mlijue kabla hamjalala leo: kadi haikuahidi kulipa bili yako. Imeahidi kulipa kiwango. Serikali imechapisha orodha, kila huduma na bei yake. Kujifungua kwa njia ya kawaida, 10,000. Kujifungua kwa upasuaji, 30,000. Hospitali ikikuandikia 30,000, umemaliza. Ikikuandikia 92,000, kadi inatoa 30,000 zile zile, na zilizobaki ni zako na jamaa zako.

Angalieni basi maana yake. Kwenye hospitali ya umma, kile kiwango mara nyingi ndicho bili yenyewe au karibu yake. Kwenye hospitali ya kibinafsi yenye marumaru sakafuni na feni inayozunguka juu ya kila kitanda, kiwango kile kile kinageuka punguzo tu. Kadi ni moja, mchango ni mmoja, lakini mlango unaoingilia ndio unaoamua kama umetibiwa bure au umepunguziwa. Yule seremala angeuliza swali moja pale mapokezi, wiki mbili kabla, angechagua akijua: "Upasuaji wa kujifungua hapa kwenu ni pesa ngapi, SHA inalipa ngapi, na mimi nitaongeza ngapi?" Msione haya kuuliza hivyo. Mimi nilipokuwa dirishani nilimpenda mtu wa kuuliza, kwa sababu yule asiyeuliza ndiye niliyelazimika kumwona akilia.

Na kina mama mliozaa wakati wa Linda Mama, nisikilizeni hapa, maana binti zenu bado mnawaambia "kujifungua ni bure". Wakati ule mama alisajiliwa akazaa bila kutoa mchango. Sasa, ili SHA ilipe uzazi, mama lazima awe amesajiliwa na mchango wa nyumba yake uwe umelipwa. Binti akifika wodini na uchungu wake, hajalipiwa, hapo ndipo simu zinaanza kupigwa usiku wa manane, kila shangazi aamshwe.

Sasa tuseme kuhusu hizo Levo, yaani madaraja ya zahanati na hospitali, kwa sababu watu wanazitaja bila kuzijua. Levo 2 ni zahanati. Levo 3 ni kituo cha afya. Levo 4 na 5 ni hospitali za kaunti, kubwa na ndogo, na za kibinafsi zilizopewa daraja hizo. Levo 6 ni zile za rufaa za taifa, kama Kenyatta kule Nairobi na Moi kule Eldoret. Kwa nini nawasumbua na hesabu hizi? Kwa sababu SHA ina mifuko mitatu, na ni mmoja tu kati yake unaojazwa na mchango wenu.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, na pesa zake zinatoka serikalini. Huo ndio unaolipia zahanati na kituo cha afya. Homa, kikohozi, malaria, kidonda, kupimwa presha: huko unahitaji kusajiliwa tu. Hata kama mchango wa mwaka hujaulipa, hufai kutozwa. Hili watu hawalijui kabisa! Nimewaona wengi wakiruka zahanati iliyo nyuma ya nyumba yao, wakaja kwetu na mafua, wakalipa ada ya daktari kutoka mfukoni. Kweli, huko zahanati dawa wakati mwingine hakuna, unaandikiwa kikaratasi ukanunue dukani. Silifichi hilo. Lakini hata hapo umemwona mhudumu bila ya kutoa pesa.

Mfuko wa pili ndio wenu, ule wa bima ya afya ya jamii. Huo unalipia kulazwa, upasuaji, uzazi, kusafishwa damu, mengi yake kuanzia Levo 4 kwenda juu. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito, nao pia unategemea serikali. Kwa magonjwa mazito unaingia pale ambapo wa pili umefika kikomo. Nitaurudia.

Mchango wenyewe ni pesa ngapi? Kwa mwajiriwa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Hapa kuna kelele nyingi, na mimi nina maoni yangu. Chukueni ile ngazi ya zamani ya NHIF muilinganishe. Mtu wa mshahara wa 18,000 alikuwa akikatwa 600. Sasa anakatwa 495. Wa 30,000 alikuwa akikatwa 900, sasa 825. Ukifika 35,000 ndipo mizani inalala sawa, 950 ya zamani na 962 na nusu ya sasa. Kuanzia hapo ndipo pabaya. Wa 100,000 alikuwa akilipa 1,700, sasa 2,750. Wa 300,000 alikuwa akilipa 1,700 hizo hizo, kwa sababu ngazi ya zamani iliishia hapo. Sasa anatoa 8,250 na hakuna dari. Kwa hivyo ukisikia mtu analalamika kwamba SHA imemkamua, muulize kwanza analipwa ngapi. Huenda ana haki ya kulalamika, lakini kilio chake si kilio cha mlinzi wa usiku.

Mlioajiriwa, nawapa onyo moja dogo. Mwajiri anatakiwa kupeleka mchango wako kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kukatwa kwenye mshahara si ushahidi kwamba umepelekwa. Nimemwona mfanyakazi akionyesha karatasi yake ya mshahara, makato yapo, na kwenye mashine yangu hakuna kitu. Piga *147# kwenye simu yako, uone mwenyewe.

Sasa nyinyi wa kujitafutia, mlio wengi humu. Zamani mlilipa 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Sasa kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Bei imeshuka. Ila imekuja kwa mkupuo: mnatakiwa kulipa mwaka mzima mbele. Ukiigawanya kwa siku ni kama shilingi kumi, na hakuna mwendesha boda humu atakayeniambia kwamba shilingi kumi kwa siku hana. Lakini 3,600 kwa siku moja, Januari, na karo zinangoja? Hapo nawaelewa. Aliyeubuni utaratibu huu, nadhani, anapokea mshahara mwisho wa mwezi. Baadaye wakaja na Lipa SHA Pole Pole, ambayo ni mkopo wa kukulipia mwaka mzima, halafu wewe unaurudisha kidogo kidogo. Ni msaada, lakini mkopo ni mkopo, usome masharti yake kama unavyosoma masharti ya mkopo wa pikipiki.

Na hizo 300 ni sakafu, sio bei ya kila mtu. Nyumba yako inaulizwa maswali: kuta ni za nini, paa ni la nini, maji mnayapata wapi, choo ni cha aina gani. Kutoka kwenye majibu hayo mashine inakisia mapato yenu. Mimi sina ugomvi na kuuliza. Ugomvi wangu ni kwamba mashine inaona paa, haioni mfuko. Mchukueni mzee wa Mji wa Kale, nyumba ya mawe aliyorithi kwa babu, mlango wa nakshi watalii wanaupiga picha, na mle ndani anakula kwa kutumiwa na mwanawe aliyeko Gulf. Mashine itamsoma vipi? Na fundi wa Kisauni anayeishi chumba cha mabati, kumbe kila siku anaweka mfukoni zaidi ya mwalimu? Jibuni ukweli, msijichore matajiri kwa ajili ya fahari ya jirani aliyekaa pembeni anasikiliza. Watu wa Pwani twapenda hilo. Mtu akiulizwa una ng'ombe, anasema anao, kumbe ni wa mjomba.

Tusogee. Kadi hii ni ya nyumba. Wewe, mwenzio, watoto wenu. Mama yako mzazi hayumo. Najua wengi hapa wanaamini yumo, kwa sababu wakati wa harambee ni wewe unayemlipia. Lakini kwenye SHA yeye ni nyumba nyingine, anasajiliwa peke yake, analipa mchango wake au wewe unamlipia kwa jina lake. Na hata walio ndani ya nyumba hawaingii wenyewe. Mke lazima umuongeze. Mtoto lazima umuongeze, na cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachokusumbua. Kama vyeti vya watoto bado viko kwa mama mkwe Kilifi, mpigie leo.

Kwa sababu ni ya nyumba, vikomo vyake pia ni vya nyumba. Hapa watu hulala usingizi. Kulazwa hospitalini kunalipwa kwa siku, kiwango cha Levo 4 kikiwa 3,360 na Levo 6 kikiwa 4,480 kwenye orodha ya 2024, hadi siku 180 kwa mwaka, lakini siku hizo 180 ni za nyumba nzima. Saratani kwenye orodha hiyo ilikuwa 400,000 kutoka mfuko wenu, zikiisha unaingia ule mfuko wa tatu na 150,000 zaidi. Jumla 550,000 kwa nyumba, kwa mwaka. Orodha hizi hurekebishwa, kwa hivyo msinishike koo na tarakimu. Ulizeni ya sasa. Lakini neno "nyumba" lishikeni. Baba na mtoto wakiugua mwaka mmoja, wanakula sahani moja.

Ndiyo maana nawaambia vijana hasa: alama ya kidole chako usiitoe ovyo. Mwaka 2025 wizara ilisimamisha vituo vingi kwa madai ya kughushi, mtu aliyekuja na kichwa kuuma anaandikwa kwamba alilazwa siku nne. Ukipewa mia mbili ya chai ukaweka kidole kwa matibabu ambayo hukuyapata, utadhani umeila serikali. Umekula siku za mwanao.

Sasa nirudi kwa yule anayeniuliza, na wapo humu, nawaona mnavyonong'ona: "Mimi siugui. Kwa nini nilipe?" Sitakujibu kwa kukuombea uugue. Nitakujibu kwa hesabu. Kusafishwa damu kwa mashine, mtu ambaye figo zake zimekufa, SHA inalipa 10,650 kwa kila kikao. Mgonjwa anayekwenda mara mbili kwa wiki anatumia zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja kwa mwaka. Mchango wake huenda ni 3,600. Zilizobaki zimetoka wapi? Zimetoka kwa wewe usiyeugua. Kina mama, nyinyi ndio mtakaoelewa haraka kuliko wote, maana mmezoea mchezo. Hii bima ni mchezo mkubwa, nchi nzima imekaa kwenye duara moja. Tofauti ni kwamba huu ni mchezo ambao kila mtu anaomba zamu yake isifike.

Na mchezo huo una tatizo lile lile mnalolijua: mtu anayeingia siku anayotaka kupokea. Wengi hulipa wakiwa tayari kitandani. Nilikuwa nikiwaona, mgonjwa kalazwa saa mbili, saa nne mtoto wake anakimbia huku na huko na simu akilipa mwaka mzima kwa pesa za kukopa. Mimi sikuwahi kumlaumu yeyote. Lakini wakifanya hivyo wote, duara linakosa watu wa kutoa, na siku moja hospitali zitakuwa zinangoja malipo miezi na miezi na kuanza kukuuliza, "SHA au pesa taslimu?" kwa sauti inayoonyesha wanapendelea lipi.

Sitazungumzia sana bima za kampuni, zile ambazo wachache wenu mnapewa kazini. Nitasema tu kwamba kuwa nayo hakukuondolei mchango wa SHA, na kwamba yenyewe ina mambo mawili ya kuuliza: muda wa kungoja kabla ya kuruhusiwa uzazi au ugonjwa uliokuwa nao, na kiasi unachotozwa kila unapomwona daktari. Ukiwa nazo mbili, waambie pale mapokezi mapema, SHA itoe kiwango chake kwanza na kampuni ifunike salio. Hapo ndipo lile pengo la seremala linazibwa. Na ukitakiwa upasuaji usio wa dharura, au kipimo cha bei kubwa, hakikisha hospitali imeomba idhini na idhini imerudi kabla hujavaa lile gauni la kijani. Idhini ikikataliwa ukiwa umeshapasuliwa, hakuna wa kumrudishia mshono.

Nimalizie na jambo lililonileta, maana sikuja kuwapa habari tu. Nilikaa juzi na mwenyekiti na daftari la mchezo wenu. Mko kumi na wawili. Kila mwezi mnatoana pesa za sahani, za kitenge, za harusi ya mtoto. Nikamwambia, tuongeze mstari mmoja. Kila mmoja atoe 300 nyingine kwa mwezi. Kumi na wawili mara mia tatu ni 3,600. Yaani kila mwezi nyumba moja inalipiwa mwaka wake mzima, bila mkopo, bila riba. Walioandikiwa zaidi ya 300 wataongeza tofauti yao wenyewe zamu yao ikifika.

Mwenyekiti akaniuliza swali ambalo lilinifurahisha, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Akasema, "Wa mwisho je? Atakaa miezi kumi na moja hana kitu." Ni kweli, na sina ujanja wa kuliondoa. Kwenye mchezo wa kawaida mnapiga kura, au anaanza mwenye harusi. Huu hatuwezi kuupigia kura. Anaanza aliye karibu na hospitali. Mwenye mimba. Mwenye presha na sukari. Mwenye mtoto wa kifua. Wa mwisho atakuwa yule mwenye afya na mwenye akiba kidogo, na akikubali kukaa mwisho basi kumi na moja wengine wajue wana deni kwake, likimpata jambo kabla ya zamu yake tumchangie sisi.

Vijana wa boda, wenu mtaupanga kwa siku, kwa shilingi kumi, mwenyekiti wenu wa steji ataueleza. Msimwachie mtu mmoja simu yenye pesa zote.

Daftari hili hapa, na kalamu. Wenye mimba na wasimame kwanza, hata ile ambayo bado hatujaambiwa.